Mbona kama haimbi, anapiga stori tu? Jibu refu kuhusu Martinho da Vila

Swali limetoka kwa msomaji wa Tanga, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo mwalimu. Nilikuwa natafuta samba za kuchezea YouTube nikamkuta mzee mmoja wa Brazil anaitwa Martinho da Vila, sasa wiki nzima simsikilizi mwingine. Kireno sijui hata neno moja. Ila nikimsikiliza naona kama anapiga stori na mimi, hapandishi sauti, hana haraka, na bado siwezi kuzima. Mume wangu anasema huyo hajui kuimba, anaongea tu juu ya ngoma. Naomba kujua anaongea nini, ni kweli hajui kuimba, nikitaka kuendelea nianzie wapi, na je naweza kujifunzia Kireno humohumo?"

Marahaba mdogo wangu. Nianze na shemeji maana ndo kachokoza. Shemeji kaona sawasawa ila kahukumu vibaya. Ni kweli Martinho anaongea. Anaongea juu ya ngoma tena makusudi kabisa, na kuongea juu ya ngoma mpaka mtu wa Tanga asiyejua Kireno ashindwe kuzima simu ni kazi ngumu kuliko kupaza sauti, ntajaribu kukuonyesha inafanyikaje. Mimi Kireno changu nimekiokota Pemba, ile ya Msumbiji siyo ya kwetu, nilikokaa kikazi, na kule nyimbo za Brazil zilikuwa zinapigwa baa nyingi tu kwahiyo huyu mzee nimemsikia sana kabla sijaanza kumfuatilia kwa makini.

Sasa. Pale Rio de Janeiro kuna aina ya samba inaitwa partido-alto. Siyo ile ya kwenye TV ya mabinti wenye manyoya na mamia ya wapiga ngoma barabarani. Hii ni samba ya uani, watu wamezunguka meza, bia zipo, maharage yako jikoni, mmoja ana tari ambalo wenyewe wanaliita pandeiro, mwingine ana kigitaa kidogo cha nyuzi nne kinaitwa cavaquinho, asiye na chombo anapiga makofi, na zamani hata sahani na kisu cha mezani vilikuwa chombo, unakwaruza ukingo wa sahani kwa mgongo wa kisu unapata mdundo mzuri tu. João da Baiana, mmoja wa wazee wa mwanzo wa samba ya Rio, alisifika kwa hiyo sahani yake. Utaratibu uko hivi: kuna kiitikio kifupi ambacho wote wanakijua, halafu mmoja anachukua ubeti, anautunga palepale au anauchomoa kichwani, anamtania aliyekaa pembeni yake, anamsema mama mkwe, anasema hela imeisha, kiitikio kinarudi, anadaka mwingine. Kwenye mchezo wa namna hiyo ukianza kujitutumua na kunyoosha sauti umewaharibia wenzako, maana kila mtu anasubiri kusikia utasema nini, utamu wote uko kwenye maneno, kwahiyo unaimba kwa sauti ileile unayoombea chumvi mezani.

Hiyo ndo sauti unayoisikia wewe. Martinho hakuigundua, aliikuta, lakini yeye ndiye aliyeichukua kutoka uani akaipeleka kwenye santuri mpaka nchi nzima ikaipenda. Na wakati alioipeleka ndo unashangaza. Mwishoni mwa miaka ya 60 Brazil ilikuwa na mashindano makubwa ya nyimbo kwenye televisheni, yale ya TV Record ya São Paulo ndo yalikuwa na jina zaidi, watu wanakuja na okestra, waimbaji wanatoa sauti ya kupasua kioo, mashairi mazito, halafu mwaka 1967 anatokea huyu bwana na wimbo unaitwa Menina Moça, partido-alto ya watu wa uani. Hakushinda. Mwaka 1968 akarudi na Casa de Bamba, hakushinda pia, ila huo ukatoka pale jukwaani ukaingia majumbani na haujatoka mpaka leo. 1969 ikatoka albamu yake ya kwanza, ina jina lake tu, Martinho da Vila, na ndani yake karibu nusu ni nyimbo ambazo Wabrazili wanazijua kwa moyo.

Hilo la "hana haraka" nalo lina ufundi wake. Samba inakwenda kwa mapigo mawili, moja mbili, moja mbili, na ile ngoma kubwa, surdo, inakita kwa nguvu kwenye pigo la pili. Weka kiganja chako mezani ufuate hiyo ngoma kubwa, halafu sikiliza maneno yake yanaangukia wapi. Utaona hayaangukii pale unapogonga. Yanachelewa kidogo, kama hayaji, halafu yanakuja yamebanana yote kwa pamoja anamaliza sentensi kwa wakati, au hamalizi, anaacha tari limmalizie. Wapigaji nyuma yake wamenyooka hawatikisiki, yeye anatembea ndani yao anavyotaka. Mwambie shemeji aimbe naye hata kwa la la la tu, wimbo wowote, nakuhakikishia kufika mstari wa pili shemeji atakuwa ametangulia mbele, anamsubiri mzee afike. Kuchelewa bila kupotea ni jambo ambalo waimbaji wengi wenye sauti kubwa hawaliwezi. Wabrazili wenyewe wamemtania miaka yote kwa huo upole wake, na miaka ya 90 akaurekodi wimbo wa mtunzi mwingine, Devagar, Devagarinho, unaosema mambo yaende taratibu, taratibuuu, ukawa kama nembo yake.

Haya, anaongea nini.

Nianze na O Pequeno Burguês, upo kwenye hiyo albamu ya 1969, na kama ungekuwa na muda wa wimbo mmoja tu katika maisha yako yote ningekuambia sikiliza huu. Jamaa anafurahi, amefaulu mtihani wa kuingia chuo kikuu. Ila chuo chenyewe ni cha binafsi. Hapo kiitikio kinadakia neno la mwisho, cha binafsi, chuo chake ni cha binafsi, yaani wenzake mezani wanamrudishia kwa huruma iliyochanganyika na utani, na wanafanya hivyo kila ubeti, wanachukua mkia wa alichosema wanamrudishia. Sikiliza hapo vizuri hata kama hujui lugha, utasikia yeye anashusha neno la mwisho na wao wanalinyanyua. Anaendelea. Vitabu bei mbaya, ada na michango haiishi, hela yake ya shida, ikabidi mtu amkopeshe. Anakaa mbali pembezoni mwa mji, treni inachelewa, akitoka kazini anaunganisha darasani bila kula, amechoka, na akifika nyumbani saa sita usiku anakuta kinachomsubiri ni rundo la matatizo na watoto wa kulea. Watoto wa kulea, wanaitikia, watoto tu wa kulea. Mwisho wa siku kahitimu. Lakini kwenye sherehe ya kuhitimu hakwenda, hakuwa na hela ya joho wala ya ile pete ambayo wahitimu wa kule walikuwa wanavaa, na yule mkuu wa chuo mwenye kipara hakumkabidhi cheti chake. Halafu baada ya tabu yote hiyo watu mtaani wanamwita bepari, mwenye neema zake. Anawajibu mabepari ni nyie, mimi ni maskini wa Mungu, na anayetaka kuwa kama mimi ajiandae kusota.

Angalia alichokifanya. Hajalia, hajahutubia, hajasema mfumo wa elimu ya nchi yetu una kasoro. Katoa treni, kipara, pete na watoto. Kile kipara ndo kinaniua mimi kila siku, hakikuwa na ulazima wowote kwenye stori, lakini mtu anayesimulia jambo lililomuuma huwa anakumbuka vitu vya hivyo. Na muziki wake wote unachekacheka. Ungeimbwa kwa majonzi ungekuwa wimbo wa kawaida wa kulalamika ambao watu wangeshausahau.

Na huyu bwana alikuwa anaijua hiyo treni. Kazaliwa 12 Februari 1938 kwenye mji mdogo wa mashamba, Duas Barras, ndani ya jimbo la Rio, wazazi wakulima, akaletwa mjini akiwa mtoto wa miaka minne, akakulia kwenye milima ya walalahoi. Akasomea ufundi, msaidizi wa kemia viwandani, halafu akaingia jeshini. Ndiyo, jeshini. Alikuwa sajenti, kazi za ofisini, kuandika na mahesabu, na aliacha jeshi mwaka 1970 muziki ulipoanza kumlisha. Kwahiyo ile albamu ya 1969 ilitoka mwenyewe bado mtumishi wa jeshi, na hii iweke akilini maana tutairudia.

Casa de Bamba sasa, ule wa 1968. Huu hauna stori, ni maelezo ya nyumba. Kwangu kila mtu ni fundi wa samba, kila mtu anakunywa, kila mtu anacheza. Kwangu hatumsemi jirani. Kwangu watu wanatukanana, wanagombana, na yanaisha. Halafu anakuonyesha dini ya nyumba hiyo: ikija ibada ya mizimu yenye asili ya Afrika kuna kuku mweusi na mafuta ya mawese, ikija sala ya Kikatoliki kuna maombi mazuri na chakula cha mahindi, na mtu akipatwa na shida wote wanalia halafu wanamwomba Mtakatifu Benedikto na Bikira Maria na mtakatifu mwingine tena juu yake. Vyote kwenye nyumba moja, bila kujieleza, bila kuomba radhi kwa mtu. Ujue kwa miaka mingi dini hizo za asili ya Afrika zilikuwa zinaandamwa na polisi huko Brazil, sasa wimbo wa mtu mweusi unaingia kwenye mashindano ya televisheni unamtaja kuku mweusi kama mtu anayekutajia alichokula jana, hiyo siyo kitu kidogo. Lakini yeye hakuifanya iwe tukio. Kaipitisha katikati ya maelezo ya jikoni.

Disritmia ni wa 1974, uko kwenye albamu ya Canta Canta, Minha Gente, na huo utausikia ukiwa peke yako usiku ndo utauelewa. Mwanaume anamwambia mkewe anataka kujificha chini ya sketi yake akaukimbie ulimwengu, apotelee kwenye nywele zake, na kadiri anavyoendelea unaona ni mapenzi mazito kweli, mpaka mwisho kabisa ndo siri inatoka: jamaa amelewa, amerudi nyumbani anayumba kutoka kwenye starehe zake, na maneno yote hayo matamu ni ya mtu aliyesimama mlangoni anaomba aingizwe ndani apewe tiba. Wasikilizaji wanaojua lugha wanacheka palepale. Nakuachia uamuzi wa kumtafsiria shemeji au kutomtafsiria.

Wimbo wenyewe wa Canta Canta, Minha Gente nao una utani wake. Anawaambia watu waimbe, waache huzuni, maisha yatakuwa mazuri, halafu anaanza kuorodhesha aina za muziki, imbeni samba ya hivi na ya vile, imbeni frevo, baião, maxixe, anakwenda mpaka unachoka, kisha anaweka breki: ila yule dada mzuri pale msimwimbie, yuko na mumewe pembeni. Hiyo ndo partido-alto mia kwa mia, macho ya mwimbaji yanazunguka chumbani huku anaimba.

Sasa nirudi kwa sajenti. Brazil kutoka 1964 mpaka 1985 ilikuwa chini ya wanajeshi, na Desemba 1968 wakatoa amri waliyoiita namba tano, bunge likafungwa, magazeti na nyimbo vikawa vinapita kwa mkaguzi kwanza, wanamuziki wakubwa kama Gilberto Gil na Caetano Veloso wakakamatwa mwezi huohuo na baadaye wakaishia uhamishoni London. Miezi michache mbele, albamu ya Martinho inatoka, na katikati yake kuna wimbo unaitwa Tom Maior. Mwanaume anaongea na mkewe mjamzito. Basi. Anamwambia ntakuona ukimbembeleza na yeye analala, tutamfundisha kutembea, kuongea, kucheka, na akikua awe mtu mwema, apende uhuru, aimbe kwa furaha na awe na bahati ya kuiona Brazil iliyo bora zaidi. Kwa masikio ya kawaida ni baba anayesubiri mtoto. Lakini kumtakia mtoto Brazil bora mwaka 1969 ni kusema ya sasa siyo, na aliyesema hivyo alikuwa anaamka asubuhi anavaa sare ya jeshi. Sisemi alikuwa mwanaharakati wa kujificha, wala sipendi ile tabia ya kutafuta siasa kwenye kila wimbo. Nasema tu mtu anayeimba maisha ya kila siku kwa uaminifu hawezi kuikwepa nchi anayoishi, itamkuta hata chumbani kwa mama mjamzito.

Hilo "da Vila" la kwenye jina siyo la ukoo, ukoo wake ni Ferreira. Vila ni Vila Isabel, mtaa wa Rio ya kaskazini, mbali na zile fukwe za kwenye kalenda, na pia ni jina la shule ya samba ya mtaa huo, yaani kile chama cha watu wa mtaa kinachojiandaa mwaka mzima kwa ajili ya kanivali. Alijiunga nao 1965 na hajaondoka. Mwaka 1988 Brazil ilikuwa inatimiza miaka 100 tangu utumwa ufutwe, na yeye ndiye aliyeleta wazo la maonyesho yao ya mwaka huo, Kizomba, sherehe ya watu weusi, Vila Isabel ikachukua ubingwa kwa mara ya kwanza. Mwaka 2013 wakachukua tena, kwa wimbo ambao yeye ni mmoja wa watunzi, unahusu maisha ya wakulima, na kwenye jina la maonyesho wameweka maneno yanayosema ongezeni maji kwenye maharage, kuna mgeni kafika. Wengine wanaingia uwanjani na wafalme na miungu ya Ugiriki, hawa wameingia na sufuria la maharage wakashinda. 2022 shule ikamfanya yeye mwenyewe kuwa mada.

Na mtaa huo ulikuwa na historia ya kuongea kwenye muziki kabla yake. Noel Rosa ni wa hapohapo Vila Isabel, kazaliwa 1910, kafa 1937 kwa kifua kikuu akiwa na miaka 26, kaacha nyimbo zaidi ya mia mbili. Ukienda kwenye barabara kuu ya mtaa, Boulevard 28 de Setembro, njia ya waenda kwa miguu imetandikwa mawe meusi na meupe yaliyopangwa kuwa noti za muziki. Noel, akishirikiana na Vadico aliyetunga muziki, alitoa mwaka 1935 wimbo unaitwa Conversa de Botequim ambao wote ni mtu mmoja kakaa kwenye mgahawa anamtuma mhudumu. Niletee haraka maziwa na kahawa isiyopashwa moto mara ya pili, mkate wenye siagi ya kutosha, kitambaa, na maji ya baridi sana. Funga mlango wa kulia vizuri, sitaki kupigwa na jua. Muulize yule bwana pale mpira umeishaje. Niletee kalamu na karatasi na bahasha. Nipigie simu sehemu fulani waniletee mwamvuli. Nikopeshe na hela kidogo, za kwangu nimeziacha kwa mchezesha bahati nasibu. Na hii bili mwambie meneja aiandike, ntalipa siku nyingine. Mhudumu hasemi neno lolote wimbo mzima na bado unamwona usoni. Mwaka 2010 Martinho alitoa albamu nzima ya nyimbo za Noel, kwahiyo ukitaka kumsikia akiwa kwenye nyumba ya babu yake wa kimuziki ipo.

Mpe nafasi na Madalena do Jucu, 1989. Huu asili yake siyo Rio, ni wa jimbo la Espírito Santo juu kidogo kwenye pwani, kijiji cha wavuvi kinaitwa Barra do Jucu, wana vikundi vya ngoma vinavyoitwa congo, jina lenyewe linakuambia mababu zao walitolewa upande gani wa bahari. Martinho akauchukua wimbo wao akautengeneza kwa njia yake. Kijana anasema mama hataki niende kwa mpenzi wangu, ntamuuliza kwani yeye hajawahi kupenda? Baba hataki nioe ila anataka niwe na wachumba wengi, ntamuuliza kwanini yeye alioa. Mimi hapo nacheka kila mara, huyo kijana yuko kila nyumba.

Upande wa Afrika kwake siyo mapambo. Alifika Angola mara ya kwanza mwaka 1972, Wareno bado wako madarakani, na mwaka 1980 alikuwa kwenye ule msafara mkubwa wa wanamuziki wa Brazil, Kalunga, pamoja na kina Chico Buarque, Dorival Caymmi, Clara Nunes na Djavan, waliokwenda kupiga Angola huru iliyokuwa vitani. Miaka michache baadaye akawaleta wanamuziki wa Angola wapige Brazil. Ukisikia kwenye albamu zake za miaka ya 80 midundo inayokukumbusha vitu vya huku kwetu usidhani masikio yako yanakudanganya.

Kuhusu wapi pa kuanzia, mimi ningefanya hivi: albamu ya 1969 yote kuanzia mwanzo, usiruke, halafu Canta Canta, Minha Gente ya 1974, halafu O Canto das Lavadeiras ya 1989 ambayo ndo ina huyo Madalena. Ikishakuingia hiyo ndo uende Tá Delícia, Tá Gostoso ya 1995, iliyouza zaidi ya milioni moja, kwa sababu ya wimbo mmoja hasa, Mulheres, mwanaume anataja wanawake wote aliowahi kuwa nao, wa kila rangi na kila umri, wenye aibu na wasio nayo, walioolewa na wasioolewa, orodha ndefu ya kutisha, ili amwambie aliye naye kwamba hakuna aliyemfurahisha kama yeye. Huo hakuutunga yeye, ni wa Toninho Geraes, ambaye alikwenda mahakamani akidai wimbo wa Adele wa 2015, Million Years Ago, umechukuliwa humo, na Desemba 2024 jaji wa Rio alitoa amri ya muda kwamba usiendelee kuchezwa wala kuuzwa bila ridhaa yake. Isikilize miwili mfululizo uamue mwenyewe. Kwa upande wangu Mulheres ni mzuri ila umepigwa mno, na ile mipangilio ya vinanda vya umeme ya miaka hiyo inamfunika mzee, unamsikia kama kapewa suti siyo saizi yake. Ukiona wimbo wake umejaa vinanda na vibwagizo vya studio, ruka tu, tafuta rekodi ya jukwaani ya wimbo huohuo.

Usiishie kwake pia. Binti yake Mart'nália anaimba, kachukua ule utulivu wa baba akauongezea uchokozi wake. Zeca Pagodinho ndo mrithi mkubwa wa kuimba mambo ya mtaani, mwimbaji mkubwa wa samba Beth Carvalho alimtoa mwaka 1983 kutoka kwenye mikusanyiko ya Cacique de Ramos, kikundi cha kanivali cha Rio, huyo yeye ni mchangamfu zaidi na bia yake iko mkononi muda wote. Na kama unataka kuona maongezi ya mtu wa samba yanaweza kuwa ya baridi namna gani, tafuta Sinal Fechado wa Paulinho da Viola, 1969, watu wawili waliojuana zamani wanakutana magari yao yamesimama kwenye taa nyekundu, habari, nzuri, nawahi, tutatafutana, na taa inawaka kijani. Hakuna tari wala mezani pa mtu. Ukishausikia huo rudi kwenye Casa de Bamba uone tofauti.

Nilitaka kusahau: yule mwimbaji wa O Pequeno Burguês, alipokaribia miaka 80 alikwenda kujisajili chuo hapo Rio akasomea mahusiano ya kimataifa. Chuo cha binafsi. Na 2017 chuo kikuu cha serikali, UFRJ, kikampa udaktari wa heshima.

Mwisho, Kireno. Unaweza kujifunzia humo, na kwa sababu anatamka taratibu ni rahisi kuliko kwa waimbaji wengi. Anza na Casa de Bamba kwa sababu mistari mifupi na sentensi zinajirudia umbo, unabadilisha kitenzi tu, watu wote wanakunywa, watu wote wanacheza, watu wote wanalia, ukishamaliza wimbo tayari una sentensi kama kumi za kutumia. Tafuta maandishi yake uyaweke pembeni, sikiliza mara ya kwanza bila kusoma, ya pili ukisoma. Jua tu kwamba matamshi ni ya Rio, ukiyapeleka Msumbiji watakuelewa ila watakuuliza umeangalia tamthilia ngapi za Brazil. Conversa de Botequim iache kwanza mpaka uwe umekomaa, maneno ya kuagizia chakula yamo mengi na yanafaa, ila ule ujeuri wote ni wa 1935, na mhudumu wa leo ukimpangia mlango, mwamvuli, kalamu na mkopo kwa pumzi moja hutaiona hiyo kahawa.